Msasa wa Mtaroni

Mnanichosha. Kila mgeni afikaye hapa Kiso ananitaka nimwandike jirani yangu, fundi vitana, na kalamu mimi naishika kama mwiko. Haya, someni.

Msasa hanunui. Nyuma ya nyumba yake, mtaroni, huota tokusa, majani yasimamayo kama mianzi midogo na kukwaruza kama ulimi wa paka, wala hayagusi mpaka baridi iyakomaze. Huyachemsha, huyaanika, huyapasua, kisha huyabandika kwa wali uliopondwa juu ya kijiti chembamba kinachopita kati ya meno ya kitana. Kila kijiti hukijaribu kwanza kwenye ukucha wa dole gumba, ndiyo maana ukucha huo unang'aa kama kombe. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulipooza. Sugimori, anayenunua vitana vyake na kuviuza mjini, akamwambia, "Mzee, pumzika. Meno yakikwaruza vichwa vya watu, nitatukanwa mimi." Mzee akachonga vijiti vipya, vinene upande wa kushikia, vya mkono wa kushoto, akasugua kitana kimoja siku tisa. Sugimori aliporudi, mzee akamsukumia kitana na fungu la hariri mbichi.

"Pitisha. Uzi mmoja ukinasa, nafunga duka."

Akapitisha. Akapitisha tena, taratibu.

"Umenasa?"

"Haujanasa."

"Basi unatafuta nini?"

Sugimori akacheka, akaagiza arobaini. Mzee akaomba mwezi wa ziada, maana mkono wa kushoto, alisema, bado mwanafunzi. Nami nimemaliza. Sasa wewe pitisha uzi kwenye kitana chako, uniandikie ukweli: umenasa mara ngapi?