Siku Wingu Alipopimwa kwa Kondoo

Nilifunga safari hii kwa sababu mbwa wetu Wingu alimng'ata binti yangu Chebet kisigino. Hakumtoa damu. Watoto walikuwa wanakimbia sebuleni, naye, kwa kuwa ni wa jamii ya mbwa wachungaji, akataka kuwakusanya pembeni. Mume wangu aliitazama ile alama, kisha akaniambia taratibu, "Mama Chebet, simchukii mbwa. Ila mtoto ni mtoto. Mbwa asipojifunza kusikia, tumtafutie kwingine."

Kwa miezi mitano, kila siku yangu ya off, nilimpeleka kwa Linda, mama wa makamo anayefuga kondoo na kufundisha mbwa kusini mwa mji wa Saint Paul. Hatimaye ikafika siku ya mtihani, kwenye shamba jingine mwendo wa karibu saa tatu: mbwa awapitishe kondoo kwenye milango miwili, awageuze, alale akiambiwa, kisha awaache na kurudi kwa mwenyewe. Tulikuwa tumekubaliana na Linda kwamba Wingu akishindwa, atabaki shambani kwake.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Roseville. Nilikuwa na Mama Furaha, mwenzangu kazini kwenye nyumba ya wazee. Yeye ni mtu wa Masisi, mashariki ya Kongo.

"Kwetu mbwa ililinda nyumba tu," aliniambia tulipokuwa tunavuka mto Mississippi. "Ngombe tulichunga sisi wenyewe."

"Hata mimi nilichunga mbuzi Baringo," nikamjibu. "Nilikuwa kifungua mimba, na nyumbani tulikuwa wasichana watupu."

Nakiri kwamba nilikuwa na majivuno kidogo. Nani angenifundisha mimi mifugo?

Mji ulipoisha tulipita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, umande umeganda kwenye nyasi. Wingu alilala kimya kiti cha nyuma hadi tulipoingia barabara ya changarawe. Hapo alisimama akaanza kutetemeka. Harufu ya kondoo ilikuwa imemfikia kabla sisi hatujaona hata ua.

Saa tatu tulikuwa tumeshafika. Magari yalipangwa kando ya ua, na watu walikuwa wanakunywa kahawa wakiwa wamevaa viatu vya matope. Linda alinijia akaniuliza kama nimelala.

"Kidogo," nikasema.

"Basi leo uongee kidogo pia."

Jina letu liliitwa mapema. Kondoo watano walitolewa, nikamwagiza Wingu aende. Aliwaleta vizuri mpaka mlango wa kwanza. Halafu wakaanza kupinda kushoto, nami nikapiga kelele na kukimbia nyuma yao. Wingu akanitazama, akasita, kisha akaruka katikati yao. Kondoo mmoja akachomoka na kujibamiza kwenye waya. Jaji akainua mkono.

"Asante. Inatosha."

Nilirudi kwenye gari, nikakaa mlangoni miguu nje. Mchana kungekuwa na jaji mwingine na nafasi moja zaidi, lakini mimi moyoni nilikuwa nimeshaanza kumuaga mbwa wangu. Mama Furaha akanimiminia chai.

"Mbwa yako haina kosa," akasema. "Nilikuwa naangalia weye. Fasi yeye anataka kwenda, weye uko unakimbilia kule. Sasa yeye atapita wapi?"

Nilimtafsiria Linda, naye akatikisa kichwa kukubali. "Rafiki yako ana jicho. Unasimama mahali pa mbwa. Kaa upande huu wa kondoo, mwachie yeye upande ule."

Maneno hayo Linda alikuwa amenieleza miezi mitano. Nilikuwa nimeyaelewa kichwani, ila miguu yangu ilikuwa bado ya Baringo, ambako mbuzi akikuponyoka unamkimbilia mwenyewe, maana fisi hangoji.

Saa nane niliingia tena uwanjani, mikono mfukoni. Mlango wa kwanza tukapita, wa pili tukapita. Kwenye kugeuka, kondoo mmoja mwenye uso mweusi alisimama, akamkodolea Wingu macho. Mguu wangu ukainuka. Nikaurudisha chini.

"Taratibu," nikasema, kwa sauti ninayotumia ninapomgeuza mzee kitandani.

Wingu akapiga hatua moja, akasubiri, akapiga nyingine. Kondoo akageuka. Nikasema "Lala," akalala. Kumwita kuliniogopesha kuliko yote, kwa sababu mbwa wengi hapo hukataa kuacha kazi. Aliwatazama kondoo, akanitazama mimi, akaja.

Jaji alitia sahihi kwenye karatasi. Linda alinishika bega, akasema angefurahi kubaki na mbwa kama huyo, lakini anafurahi zaidi kumwona anaondoka nami.

Njiani kurudi Mama Furaha alisinzia, na Wingu pia. Niliendesha nikiwaza kwamba muda wote ule nilikuwa nimemwagiza mbwa kazi huku nikimnyang'anya. Na Chebet nilikuwa nimewahi kumfungia viatu mara ngapi, mwenyewe akilia kwamba anaweza?

Tulifika nyumbani magharibi. Mume wangu aliisoma ile karatasi akiwa amesimama.

"Kwa hiyo akiambiwa alale, analala?"

"Akiambiwa kwa upole. Na watoto wakikimbia, bado tutamtoa sebuleni. Kondoo si mtoto."

Aliikunja ile karatasi. "Basi nifundishe namna ya kumwambia."

Akamgeukia Wingu, akasema "Lala" kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Wingu akanitazama mimi. Nikanyamaza. Mume wangu akachuchumaa, akarudia kwa sauti ya chini, na Wingu akalala miguuni pake.