Banda Lisilopumua

Ipo siku moja ya kiangazi, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu asinisikie.

Vita vilikuwa vimekwisha, nasi Wanubi tuliokimbilia Sudan tulikuwa tunarudi Kampala kidogo kidogo. Ukoo wetu ulipata nafasi Namuwongo, karibu na reli. Bibi yangu, ambaye kwa desturi yetu tulimwita Habuba, alirudi na kapu la kuku aliowalea huko jangwani, kuku wa miguu mirefu wasioogopa jua. Aliwaahidi binti zake kwamba kila mmoja ataanza boma lake upya na kifaranga wa mbegu ile. Kwake yeye, mwanamke hakuwa amerudi nyumbani mpaka kuku wake atage uani.

Lakini Namuwongo kulikuwa na nguchiro. Mnyama mwembamba kama soksi, akili nyingi kuliko mwenyekiti wa mtaa. Alichimba chini ya banda la fito, akawamaliza kuku mmoja mmoja, akabaki mtetea mmoja tu, naye analalia mayai. Ahadi yote ya Habuba ikawa chini ya kifua cha ndege huyo.

Mimi nilikuwa kijana, fundi wa mabati. Nikasema, niachieni mimi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumeumwa sana. Enzi hizo kila mtu alikuwa akiziba madirisha. Nikajenga banda la bati chini, bati juu, bati ubavuni. Kila tundu nililoliona nililipigilia kopo lililonyooshwa. Asubuhi tukakuta nguchiro amekwaruza pande zote na mtetea ni mzima. Loo, nilizunguka mtaa kifua mbele!

Baada ya siku chache jua likakaza. Adhuhuri Habuba alipita karibu na banda, akaweka kiganja juu ya bati, akakiondoa haraka.

“Fungua,” akaniambia.

Nilipofungua, joto lilinipiga usoni kama la tanuri. Mtetea hakuwa amelala. Alikuwa amesimama juu ya mayai, miguu inatetemeka, mabawa ameyatanua, mdomo wazi, ulimi unakwenda mbio. Alikuwa akiyafanyia kivuli. Mlango sasa uko wazi, maji nimemwekea mbele yake. Akayatazama yale maji, akabaki pale pale.

Mwanangu, nimeona askari wengi, na wakubwa wao wakipita na magari. Ushujaa wa namna ile sijauona tena. Nilipiga magoti bila kuambiwa, nywele zimenisimama. Nilijiona mdogo mno mbele ya kuku, na hata leo sioni haya kulisema.

Habuba alichovya vidole majini, akamdondoshea mdomoni tone kwa tone. Akasema bila kunitazama, kwa Kiswahili chake cha Kinubi:

“Mtoto yangu, nguchiro nakula moja, nashiba, naenda. Wewe nataka kumaliza yote.”

“Lakini Habuba, nilikuwa namlinda.”

“Kulinda gani hii? Hata jela iko na dirisha.”

Tulimtundikia mtetea gunia lililoloweshwa, tukaanza kujenga upya kama Habuba alivyojifunza jangwani. Tulichimba mtaro kuzunguka banda, kina cha mkono mzima, tukaujaza mawe ili mchimbaji avunje kucha zake. Kuta zikawa za udongo mnene. Kati ya ukuta na paa tuliacha uwazi wa kupitisha upepo, tukaukingia wavu wa matundu madogo. Paa la nyasi nene, na mlango tukaugeuzia mbali na jua la alasiri. Nguchiro alikuja, akazunguka, akaondoka na njaa yake.

Mayai mengi yalikuwa viza. Moto wangu ulikuwa umeshayafikia. Yaliyoanguliwa yaliwatosha binti za Habuba kwa shida, yeye hakubakiwa na kifaranga. Shangazi yangu mdogo alimpokea wake kwa mikono miwili, akalia. Kuku mwenye watoto halengwi jiwe, walisema waliotutangulia. Nami naongeza: wala hafungiwi hewa.

Sasa nakuona wewe na binti yako. Dirisha umelipigilia, simu umeichukua, rafiki zake umewafukuza getini, unasema mji umeharibika. Ni kweli, nguchiro wamejaa tele. Basi zika mawe chini: mfundishe, mwombee, ujue anakokwenda na anayekwenda naye. Lakini juu acha uwazi, azungumze nawe bila kuogopa, acheke na wenzake. Weka kiganja kwenye ukuta uliomjengea. Ukiungua wewe uliye nje, mwulize aliye ndani.

Mungu aipe nyumba yako mawe chini na upepo juu, na wanao watoke humo wazima, na kila watokapo watamani kurudi. Amina.