Kijani, Nyumba, Kijani

Jumapili yangu haiishi ibada inapoisha. Wenzangu wakienda kwenye chai na mandazi, mimi huvuta kiti karibu na dirisha na watu huanza kuniletea simu zao. Huyu amesahau neno la siri, yule ametumiwa ujumbe na ofisi ya nyumba na hajui kama ni habari njema au ni balaa. Mimi si fundi. Nahudumia wazee katika makao yao huko Seven Hills, najua kusoma Kiingereza, na katika kanisa letu la Kiswahili hapa ughaibuni, Macquarie Fields, hiyo imetosha kunigeuza ofisi. Kuna Jumapili natamani kusingizia shifti nibaki kitandani.

Mama anayeongoza kwaya yetu hakuwa mtu wa foleni ile. Ametoka mashariki ya Kongo, hakuwahi kukaa darasani, na nyimbo zote za kwaya anazo kichwani. Figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki lazima afike hospitalini kusafishwa damu, na gari la huduma humfuata mlangoni. Zamani alikuwa akithibitisha safari kwa kupiga simu na kuongea kupitia mkalimani. Kisha laini hiyo ikafungwa, kila kitu kikahamia kwenye programu ya simu. Usipothibitisha jioni, kiti chako anapewa mwingine.

Mjukuu wake alijaribu kumfundisha. Msichana huyo anaelewa Kiswahili vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza. Aliichukua simu, vidole vikakimbia, akasema, "Done, Koko," yaani tayari, bibi, akairudisha.

"Yeye anafanya, hafundishi," mama aliniambia. "Siku hayuko, mi nitafanya nini?"

Basi nikaenda kukaa naye jikoni kwake. Nilieleza, nikaeleza tena, mpaka nikajichosha mwenyewe. Mama akaninyang'anya simu, akaanza kuguna sauti ya pambio moja tunalolipenda. Kitufe cha kijani. Picha ya nyumba, maana yake nifuateni nyumbani. Kijani tena. "Kijani, nyumba, kijaani," aliimba, na kila neno kidole kikashuka mahali pake. Simu ikajibu kwa mlio mdogo, naye akapiga kofi moja kama anavyofanya kwaya ikimaliza vizuri.

Wiki ile hakuniita, wala iliyofuata. Kipupwe chote alijithibitishia safari mwenyewe. Jumapili alikuwa akinipita kwenye kiti changu akielekea kwenye chai, anainua simu juu kunionyesha, anacheka. Nilifurahi kwelikweli. Sehemu ya furaha ile ilikuwa uvivu tu, nimepunguziwa mzigo, lakini pia nilikuwa nimechoka kuona watu wazima wakinipa simu zao huku wameinamisha macho.

Kisha wenye programu wakaiboresha. Ndivyo ujumbe wao ulivyosema, na uliletwa kwa maandishi.

Jioni ile mama aliimba kama kawaida. Nyumba ilikuwa imehamishiwa juu pembeni, na mahali pake wameweka kitufe cha kufuta safari. Macho yake si mazuri sana, na kidole kilishazoea njia. Kijani cha mwisho kilikuwa palepale, ila sasa kilikuwa kinauliza kama ana hakika anataka kufuta. Akabonyeza. Safari yake aliifuta mwenyewe, bila kukosea hata neno moja la wimbo.

Asubuhi alikaa karibu na mlango, koti mwilini, blanketi magotini, mpaka mchana ukapita. Alidhani dereva amechelewa. Nilipofika jioni kutoka kazini nilimkuta miguu imevimba, pumzi fupi.

"Niliimba vizuri," aliniambia kabla sijamsalimia.

Nilipiga hospitalini kwanza. Wakampa nafasi ya kesho asubuhi, wakasema pumzi ikizidi kubana tuite ambulensi bila kungoja. Jirani akakubali kumpeleka. Ndipo nikapiga namba ya malalamiko ya watu wa gari, tukawekewa muziki.

"Hata wimbo wao hauna mwisho," mama alisema.

Dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliomba mama apewe salamu, akaeleza kwamba programu mpya ni rahisi zaidi, kila kitu kiko ukurasa mmoja. Nilikuwa nikitafsiri neno kwa neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akisugua goti.

"Umwambie mi nilikuwa naweza," akasema.

Nikamwambia. Dada akasema ataandika maoni yetu.

Kukata tu, simu ya mama ikalia. Zilikuja nyota tano, tupu, zimepangwa mstari mmoja. Akaniuliza ni za nini. Nikamwambia wanataka kujua kama tumesaidiwa. Mama akaitazama, akagusa ile ya mwisho, zote zikawaka njano.

"Mama! Hawajatusaidia kitu!"

"Yule binti alinisalimia vizuri. Si yeye alihamisha nyumba."

Nilichoka mpaka nikacheka. Mahali fulani mjini kuna mtu ataziona nyota zile, aamini kazi imekwenda sawa.

Nikasogeza kiti, nikafungua programu. "Haya, mama, tuanze upya. Nyumba sasa iko juu, huku pembeni."

Aliichukua simu mkononi mwangu, akailaza kifudifudi mezani.

"Na wakihamisha tena?"

Nilitaka kumwambia hawatahamisha, lakini ningekuwa namdanganya mtu mzima.

Jumapili iliyofuata kwaya iliimba vizuri sana. Ibada ilipokwisha nilivuta kiti changu dirishani, watu wakajipanga. Mama hakupita kwenda kwenye chai. Alisimama nyuma ya wengine, simu mkononi, na zamu yake ilipofika alinipa, ameinamisha macho.