Siku Tatu za Twaiba Maskati

Mdogo wangu Twaiba ni mwema kiasi cha kuudhi, na nasema hivyo nikimpenda. Tulipokuwa wadogo pale Gazi alivunja mtungi wa jirani bila mtu kumwona, na jirani akamsingizia mbuzi wake. Mimi ningemwachia mbuzi. Twaiba chakula kilimshinda siku nzima, na kesho yake asubuhi akaenda kubisha hodi kumtetea mbuzi. Alirudi na makofi mawili mgongoni na uso umemkunjuka. Ndivyo alivyo mpaka leo, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na mimi Asiya ndiye mkubwa wake niliyepangiwa kuishi na mtu wa namna hiyo.

Huu ni mwaka wake wa tano Doha, muuguzi katika kliniki ya watoto. Mimi ni mshoni. Chumba changu cha cherehani kiko kando ya barabara kuu hapa Msambweni, na simu huwa naiegemeza kwenye kopo la vifungo ili tuzungumze, mimi nikishona naye akipika. Hapo ndipo nilipoanza kulisikia jina la Luqman. Ni kijana wa hukuhuku Msambweni, fundi wa mitambo ya kupoza hewa, na walikutana kwenye karamu ya Idi ya watu wa Pwani walioko kule. Walianza kwa kubishana ni samaki gani anayefaa kupikwa kwa nazi. Siku Twaiba aliponiambia, bila kuulizwa, kwamba Luqman hupiga pasi kanzu zake mwenyewe, nilijua mambo yamekwisha, nikaanza kuulizia vitambaa vya sare.

Luqman alifanya kila kitu kwa heshima. Alituma wazee wake kwa mama yetu, Bi Mbeyu, nyumbani Gazi. Na kwa sisi Wadigo mama hapokei posa peke yake. Lazima kaka yake awepo. Basi akaitwa Mjomba Tsuma, akaja na kofia yake nzuri, akanywa chai, akauliza habari za kila mtu mpaka nikadhani ataulizia na kuku. Kisha akauliza swali ambalo huulizwa siku zote, na ambalo siku zote hujibiwa upesi ili watu waendelee na halua.

"Huyu kijana ni wa nani upande wa mama?"

"Wa marehemu Zainabu Chirau," mzee mmoja akajibu. "Walikuwa wakikaa hapahapa Gazi kabla hawajahamia Msambweni. Alifariki Luqman akiwa na miaka mitatu."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Mbeyu," akamwambia mama, "ulipokuwa mgonjwa, Twaiba alinyonyeshwa na nani?"

Mama hakujua. Alipomzaa Twaiba alishikwa na homa, akalala hospitalini siku tisa hajitambui. Bibi yetu alimchukua mtoto akarudi naye Gazi, na wanawake waliokuwa na maziwa wakamnyonyesha. Nani na nani, Bibi hakusema. Alikuwa mtu asiyetangaza hisani ya mwingine, akiona kwamba kuitaja ni kumdai aliyetendewa. Kila mama alipouliza aliambiwa, "Wenye huruma," basi. Bibi alikufa na majina yake. Na Luqman anamzidi Twaiba miezi kumi na mmoja, maana yake mwaka ule Zainabu alikuwa na mtoto kifuani.

Ikiwa Zainabu alimnyonyesha Twaiba, basi kwa dini yetu Zainabu ni mama yake, na Luqman ni kaka yake. Hapo hakuna ndoa.

Tulimwendea Ustadh Abdulbasit. Alitusikiliza vizuri, akasema ni lazima iwe mara tano au zaidi, mtoto akishiba, na ijulikane kwa yakini. "Shaka peke yake haiharamishi," akasema. "Kama hakuna ajuaye, waoane kwa amani. Lakini kama yupo ajuaye, ni vizuri aulizwe kwa kinywa chake."

Aliyekuwa akijua alikuwa mmoja tu. Bi Dama, mkunga wa Gazi wa zamani, ndiye aliyekuwa akimsaidia Bibi siku zile. Lakini Bi Dama alichukuliwa na binti yake Sumaiya, aliyeolewa Omani, na sasa ni mwaka wa nane anakaa nje kidogo ya Maskati. Masikio yamepungua nguvu. Ukimpigia simu hukwambia yeye mzima, anakusalimia sana, halafu anakata. Kumtumia binti yake swali hilo hatukutaka, kwa sababu jambo kama hili likitoka nje ya nyumba huwa limeshafika Vanga kabla halijathibitishwa.

Sasa nitakiri jambo. Mimi nilimwambia Twaiba asiende. Nilimwambia kwa simu, nikiwa na mkasi mkononi na sare ya harusi imetandazwa mezani: "Ustadh amesema shaka haiharamishi. Kaa na shaka yako, uolewe. Bi Dama ni mzee. Mwache apumzike."

"Dada Asiya," akaniambia, "nikizaa naye, kila nikimwangalia mtoto nitakuwa namwuliza yeye swali ambalo niliogopa kumwuliza Bi Dama."

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilitumaini Luqman atakuwa na akili kuliko yeye. Luqman alimwambia, "Nenda. Nataka nikikuoa niwe napata usingizi." Nikaona kumbe ni wawili.

Ikatokea kwamba Jumapili moja ilikuwa sikukuu ya serikali kule Doha, ikaungana na Ijumaa na Jumamosi ambazo ni mapumziko yao. Twaiba akakata tiketi. Kutoka Doha hadi Maskati ni mwendo mfupi wa ndege. Wenzake wa kliniki walimwonea wivu, wikendi ndefu namna ile kwenda kutembea nchi ya watu. Mmoja, Beryl wa Kisumu, alimpa miwani yake ya jua akapigie picha.

Akazipiga hizo picha. Ijumaa nzima nimekaa roho juu, mama Gazi hashikiki, na picha inaingia: Twaiba amesimama mbele ya ngome. Picha inaingia: Twaiba na sahani ya wali na mwana-kondoo. Jumamosi, soko la samaki la Matrah, na maneno chini yake kwamba nguru wao ni wakubwa lakini hawajui kuwakata. Nilimpigia nikamwuliza kama ameenda kuuliza au ameenda kuwa mtalii.

"Siwezi kumvamia mtu na swali na mate ya chai yake hayajanikauka," akasema. "Amefurahi mno, Asiya. Amenikamata mkono tangu jana. Ananiuliza habari za Gazi, nyumba moja baada ya nyingine."

Kulikuwa na ukweli katika maneno hayo, kwa sababu adabu ndiyo hiyo. Lakini mimi namjua mdogo wangu. Alikuwa akijinunulia siku mbili. Aliniambia baadaye kwamba katika zile picha zote, za ngome na za soko, alikuwa akijiambia kwamba bado ni mchumba wa mtu. Hakuwa amewahi kutembea nchi nyingine kwa starehe tu, na alitamani Luqman angekuwepo aone milima ile isiyo na mti. Sumaiya alimnunulia udi. Twaiba akaupokea, akijua udi ule ni wa bibi harusi, asiweze kusema neno.

Jumapili asubuhi, baada ya staftahi, Sumaiya alitoka kwenda kwa jirani. Twaiba alimsogelea Bi Dama mkekani, akalaza kichwa karibu na sikio lake.

"Bibi, nimekuja nina swali. Mama alipokuwa hospitali, ni nani walioninyonyesha?"

Kabla hajajibiwa Twaiba aliomba dua, na hakunificha aliomba nini: aliomba yule mzee awe amesahau.

Kumbe yule mzee alifurahi. Alifurahi namna mtu anavyofurahi akiulizwa kitu alichokiweka miaka mingi na hakuna aliyekuja kukichukua.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nikisema nitakufa hujaja kuniuliza. Bibi yako alitukataza tusiseme. Walikuwa wawili. Wa kwanza alikupa siku moja, maziwa yake yakakauka. Wa pili ni Zainabu Chirau, mke wa yule fundi wa majahazi. Huyo ndiye aliyekuweka duniani."

Akaeleza, na hakubakisha kitu. Zainabu alikuwa akija alfajiri, adhuhuri na magharibi, siku nane. Alikuwa na mtoto wake wa kiume, mnene, mlafi, anamshika begani. Anamwambia yule mtoto, "Wewe umeshiba, ngoja mwenzio," anampa Twaiba kwanza. Twaiba alikuwa mdogo kama kifurushi cha sukari, na watu wamekwisha kukata tamaa. Zainabu alikuwa akimwimbia anaponyonya, wimbo hauna maneno, na halafu anamlaza karibu na mwanawe apate joto.

"Ulilala na yule mvulana kwenye mkeka mmoja siku nane," Bi Dama akasema, akicheka. "Sijui yuko wapi sasa. Ukimpata mshike. Ni ndugu yako."

Hapo ndipo ninapompenda Twaiba kupita kiasi, na ndipo anaponichosha. Angeweza kulia. Angeweza kumwambia yule mzee alichokuja kutafuta. Lakini Bi Dama alikuwa amekaa pale na furaha yake, amekwisha kumpa mtu mama, na Twaiba hakutaka ajue kuwa amemnyang'anya mume kwa kinywa kilekile. Alimbusu mkono. Akasema, "Ahsante, Bibi. Umenipa kitu kikubwa." Akaomba aelezwe tena ule wimbo ulikuwaje, na Bi Dama akauguna kidogo kwa sauti yake ya kikongwe.

Alinipigia kutoka uwanja wa ndege. Nilikuwa kwenye cherehani.

"Asiya, ile sare usiishone."

Mimi, ambaye sikosi neno, nilisimamisha cherehani. Nilimsikia akihema, na matangazo ya ndege kwa Kiarabu nyuma yake.

"Unajua nilikuwa nikimwombea dua kila Ijumaa," akasema. "Marehemu Zainabu. Nilikuwa nikimwombea kama mama mkwe."

Nilifunga duka nikaenda Gazi kumwambia mama. Mama alilia kidogo, kisha akavaa buibui, akaniambia nimpeleke makaburini Msambweni. Tukaenda kwa bodaboda, mama katikati. Akasimama mbele ya kaburi la Zainabu akamshukuru kwa sauti, amechelewa miaka ishirini na tisa, akitaja jina lake mara nyingi kama anayelipa majina yote aliyofichwa. Mjomba Tsuma alikwenda mwenyewe kwa wazee wa Luqman kuwaeleza, na wao wakapokea kwa uungwana. Yupo mwanamke mmoja aliyenong'ona kwamba Luqman si ndugu wa Asiya, basi bado nyumba ile ina binti. Nilimjulisha kwamba nina mume na watoto watatu, na kwamba nguo yake itachelewa sana kuwa tayari.

Lakini hayo ni ya kwetu. Luqman alikuwa akimsubiri Twaiba uwanjani Doha jioni ile, naye hajaambiwa. Twaiba alikataa kulisema kwa simu. Alimweleza wamesimama kando ya mlango, watu wakipita na mizigo yao. Alimweleza habari za alfajiri, adhuhuri na magharibi. Alimweleza habari za mkeka.

Luqman alisikiliza ameinamisha kichwa. Twaiba alipomaliza, Luqman akauliza jambo moja.

"Alisema mama alikuwa akiimba?"

"Akiimba."

"Mimi sikumbuki sauti yake," Luqman akasema. "Sikumbuki kitu."

Basi Twaiba akamwimbia. Pale pale, kwa sauti ndogo, kama alivyouguna Bi Dama, mwanamke mzima na begi lake la siku tatu, akimwimbia mwanamume mlangoni mwa uwanja wa ndege. Ningekuwepo ningemwambia anyamaze, watu wanatazama. Namshukuru Mungu sikuwepo.

Inabidi mjue kwamba katika miaka miwili ya kujuana wale wawili hawakuwahi kugusana hata ncha ya kidole. Walikuwa wakiketi na meza katikati, wakipeana vitu kwa kuviweka chini kwanza, wakisubiri nikahi. Sasa Luqman alifuta kiganja chake kwenye suruali, akakinyoosha.

"Nipe mkono, dada," akasema.

Twaiba akampa. Wakatoka hivyo mpaka kwenye gari, wameshikana mikono, wakilia wote wawili. Twaiba ananiambia mkono wake ni mgumu, mkono wa fundi, na kwamba mpaka siku ile alikuwa hajui.