Kalukula hakuna mutu, lakini rejista ya kifua kikuu ilisema wako tisa

Wakuu, hodi humu ndani. Wadogo pia nawasalimu.

Mimi ni muzee wa Wamaza, huku Kabambare, Maniema. Shule niliacha darasa la pili. Kiswahili changu ni cha kwetu, atakayecheka acheke.

Nilianza na baiskeli moja, nasukuma bidoni, madumu, za mafuta ya mawese mpaka Kasongo, miguu inapasuka. Leo niko na duka, kinu cha kukamua mawese na pikipiki mbili. Hakuna aliyenipa.

Ninayoandika nimeyaona na macho haya mawili, mchana, jua likiwa kichwani. Kama ni uongo, mawese yangu yaoze.

Mwaka huu mvua zilipoanza kulegea, alikuja enfirmiye, muuguzi, mwanamke kutoka Kasongo. Tumwite Mama Sifa. Alikuwa na tableti na daftari kubwa la wagonjwa wa kifua kikuu. Kazi yake: kufika kila kijiji chenye mgonjwa, kusimama pale, kubonyeza. Tone jekundu linaingia kwenye ramani. Wakubwa wake wakiisha kuona matone yamejaa wapi, watajua dawa zisogezwe wapi.

Alitafuta mutu wa kujua njia. Wakamuleta kwangu. Njia za huku nazijua kama mifuko ya suruali yangu.

Tukazunguka siku tatu. Matone mawili huku, moja kule. Siku ya nne akaniambia:

"Muzee, leo twende Kalukula. Wako wengi kule, tisa."

Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Mama, Kalukula iko na nyani tu. Tulikimbia wote wakati wa vita, hakuna aliyerudi. Ni mahame."

"Muzee, hawa wanakuja kila mwezi kuchukua dawa. Wafu wanachukua dawa?"

"Enfirmiye wenu wa zahanati ni mugeni, wanamudanganya."

Akanionyesha ukurasa, akafunika majina na kiganja. Alisema majina ni siri ya mgonjwa. Ni kweli, lakini kiganja chake kilikuwa kidogo. Jina la mwisho lilitokeza chini.

Wakuu, mimi si msomaji. Ninasoma bei, na ninasoma majina ya watu wangu.

Niliona: Zena Kalonda. Kalukula.

Zena Kalonda ni mama yangu mzazi. Tulimuzika Kalukula mwenyewe nikichimba, kabla ya vita. Alikufa na kikohozi.

Sikumuambia Mama Sifa kitu. Niliwasha pikipiki. Mimi si mutu wa kuogopa. Nimewahi kulala porini peke yangu na chui akinizunguka. Lakini chui ni chui. Mama yako kuchukua dawa kila mwezi ni mambo mengine.

Kutoka Wamaza mpaka Kalukula kwa miguu ni saa moja na nusu hivi. Kuna mto mdogo katikati, tulivuka na pikipiki begani pamoja na vijana wa pale. Baada ya hapo njia inaingia kwenye majani marefu.

Hapo ndipo nilianza kuona kitu si sawa.

Njia ya mahame inatakiwa kufungwa na majani. Miaka yote hiyo! Lakini hii ilikuwa wazi, udongo umekanyagwa na miguu ya watu, na nyayo zilikuwa mpya, za miguu mitupu.

Kijiji chenyewe hakipo. Nyumba zimeanguka, zimebaki nguzo mbili tatu na michikichi tuliyopanda kwa mustari. Kimya. Hata ndege hakuna.

Lakini makaburi yalikuwa yamefagiliwa.

Mama Sifa akatoa tableti, akabonyeza. "Iko hapa hapa," akasema polepole, kama mutu aliye ndani ya msikiti. "Lakini wako wapi?"

Kwetu, zamani, juu ya kaburi ulikuwa unafunika chombo cha marehemu, umetoboa chini ili mutu asikiibe. Ya mama niliweka beseni ya bati. Nikaikuta. Nilitegemea kutu na nge. Nikaiinua.

Tundu lilikuwa limezibwa na nta, chini yake pakavu. Jani la mgomba limetandikwa safi. Juu ya jani, dawa. Vidonge katika karatasi zake, vimefungwa na kipande cha kitenge.

Mama Sifa akaenda kaburi la pili, akainua chungu. Dawa. La tatu, sufuria. Dawa. Alihesabu vyombo, akarudi akinitazama vibaya.

"Muzee, wako tisa."

Wakuu, hapo ndipo tulisikia kikohozi.

Kilitoka nyuma ya michikichi. Mbili. Kimya. Halafu moja ya kuvuta chini kabisa. Mbili. Kimya. Moja.

Nililala nyumba moja na kikohozi kile nikiwa kijana. Ni cha mama. Sisemi kinafanana. Nasema ni chenyewe.

Mama Sifa akanishika mkono wa shati. Mimi nilikuwa na beseni ya mama mkononi, nimesimama juu ya kaburi lake, namusikia akija.

Majani yakafunguka.

Akatokea mwanamke na kitunga cha mihogo mgongoni. Dada yangu Mwamini. Anaishi kiwanja kimoja na mimi tangu bwana wake afe, anapika, anakula na wajukuu wangu sahani moja.

Akaona beseni. Akatua kitunga chini.

"Yaya," akasema. Huku kwetu mkubwa wako unamwita yaya. "Usivunje. Ni dawa zangu."

"Mwamini, unatumia jina la mama?"

"Yeye hana aibu tena."

"Na kwa nini unaweka dawa kwa wafu? Nyumba yangu haina paa?"

Akanitazama usoni, jambo ambalo hafanyi.

"Iko na paa, Yaya. Iko na mudomo wako pia."

Nikakumbuka. Mwaka jana kijana mmoja wa kinu changu alikohoa damu. Nilimufukuza mbele ya watu wote, katikati ya kiwanja. Nilisema: mwenye kifua akakoholee kwao, kwangu asikanyage. Mwamini alikuwa pale anamenya mihogo. Hata kisu hakukisimamisha.

Basi akaeleza. Kikohozi kikimushika kwangu, alikuwa anatoka nje, anakoholea migombani nisisikie. Ukitaja kijiji chako zahanati, mutu wa afya anakufuata mpaka mulangoni, na jirani wanajua. Ukitaja Kalukula, anakufuata nani? Kwa hiyo wenye kifua wa Wamaza, wale wenye mashamba upande ule, wanataja Kalukula. Dawa wanaficha pale chini ya vyombo, kila mmoja kwa mfu wake, wanapita asubuhi wakienda shambani, wanameza. Hakuna mwizi anayegusa chombo cha kaburi. Akili kubwa, lazima niseme.

Mama Sifa alikuwa ameshika vidonge, anahesabu. Akahesabu tena.

"Mama Mwamini, vimebaki vingi sana. Uliacha siku ngapi?"

"Mto ukijaa sivuki."

"Mvua hii yote?"

"Mto ukijaa sivuki, mama. Ningefanyaje?"

Mama Sifa akakaa chini juu ya jiwe. Alimueleza bila kumufokea: dawa hizi zinataka kila siku. Ukikata kata, ugonjwa unazizoea, na hapo unaweza kufa ukiwa na dawa mkononi. Akasema pia wote wanaolala kiwanja kimoja naye wapimwe. Wajukuu wa kwanza.

Niliangalia tableti. Tone jekundu la Kalukula lilikuwa kubwa kuliko yote, na halikuwa na mutu ndani. Wamaza ilikuwa nyeupe, safi kama kanzu ya Idi.

Dawa zingesogezwa kwa nyani.

Nikabeba Mwamini na kitunga chake kwenye pikipiki, Mama Sifa nyuma. Kwangu, mbele ya mulango, akauliza, "Muzee, niweke tone?"

"Weka. Katikati ya kiwanja, pale nilipofukuza kijana."

Halafu nikasimama pale pale, nikaita watu kama nilivyoita siku ile. Nikasema dada yangu iko na kifua kikuu, anakaa kwangu, anakula kwangu, na mwenye kifua mwingine aje achukue dawa zake dukani mwangu bila kuvuka mto. Siku ile hakuja mutu. Siku ya pili alikuja mmoja. Baada ya juma wakawa watano. Watatu mpaka leo siwajui, na vyombo vyao bado viko Kalukula.

Makohozi ya Mwamini yalipelekwa Kasongo kupimwa. Dawa bado zinamukubali. Mjukuu mmoja alikutwa na ugonjwa, anameza pamoja naye. Yule kijana wa kinu nilimutafuta mpaka Nyangwe, kwa wajomba zake. Nilichelewa.

Hilo sitaliongeza maneno.

Nilichojifunza, mimi wa darasa la pili: ramani inaandika kile watu wanathubutu kusema. Mukubwa wa nyumba akiwa na mudomo kama wangu, ugonjwa utahamia kwa wafu, na utarudi kila jioni kula nawe.

Sasa kila asubuhi Mwamini anameza mbele yangu, dukani, karibu na rafu ya sabuni. Akikohoa, bado nageuka kumutafuta mama.

Wakuu, kisa changu ni hicho. Mwenye kunitukana anitukane, nimestahili. Lakini kwanza jibu: kwako, ni nani anatoka nje kwenda kukohoa?