Sekunde Tano Kabla ya Kuzima

Katika miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa wa mhadhiri mmoja huko Maseno. Alikuwa akikusanya maarifa ya wakunga wa kienyeji, na siku moja akaniletea ofisini mama mzee kutoka upande wa Kombewa, kisha yeye akaenda kufundisha. Mama huyo alikataa kinasa sauti. Alisema hataki sauti yake ibaki ndani ya kidude siku atakapokuwa kaburini. Basi akazungumza kwa Kijaluo, nami nikachapa moja kwa moja kwenye kompyuta, tangu asubuhi hadi saa kumi. Sikuhifadhi kazi hata mara moja, sikutaka kumkatiza.

Wiki ile tulikuwa tumewekewa programu ya kuharakisha diski. Zamani ukihifadhi faili kubwa ungesubiri huku mashine ikikoroma. Siku hiyo mama alipomaliza nilibonyeza kuhifadhi, na kufumba na kufumbua skrini ikanirudia kama kwamba kazi imekwisha. Gari la mama lilikuwa linangoja. Nilizima kompyuta nikamsindikiza.

Asubuhi jina la faili lilikuwepo. Ndani hamkuwa na neno.

Fundi alikuja kutoka Kisumu. Alikuwa mtu mpole, akaniuliza bila kupandisha sauti.

"Mama, baada ya kuhifadhi ulikaa muda gani kabla ya kuzima?"

"Sikukaa. Ilionyesha imemaliza."

"Ilimaliza kupokea tu. Diski ni nzito, kichwa chake lazima kisogee huku na huku. Hii programu inaweka maneno yako kwenye kumbukumbu kwanza, inakuachia skrini, halafu inayaandika kwenye diski nyuma yako. Sekunde tano hivi. Ukizima mapema, kumbukumbu inafutika."

"Na mbona haisemi?"

"Wengi wananiuliza hivyo hivyo."

Alipekua diski mpaka mchana, akapata vipande vilivyokuwa vimeshaandikwa: ukurasa mmoja na nusu, wa mwanzo. Kisha akaiondolea programu ile ruhusa ya kuchelewesha kuandika. Mashine ikawa nzito tena.

Mhadhiri hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nenda umwombe upya," akatoka. Ningependelea anigombeze.

Nilimkuta mama nyumbani kwake akianika omena, dagaa wa ziwani. Nilimweleza kosa langu bila kuitaja programu, kwa sababu ni mimi niliyezima. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kutandaza.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "ulikuwepo nikisema?"

"Nilikuwepo, Mama."

"Basi anza wewe. Ukikosea nitakurekebisha."

Nikafungua daftari, nikaanza. Nilishangaa jinsi nilivyokumbuka: majani ya kuchemsha, namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya, maneno ya kumtuliza mama anayeogopa. Alinirekebisha mara nyingi. Mahali pengine aliongeza mambo ambayo siku ile ofisini hakuyasema, na nikaanza kufurahi kimya kimya kwamba faili limepotea.

Tukafika kwenye uzazi wa dada yake. Ofisini alikuwa ameueleza kwa muda mrefu, akitazama dirishani, nami nilichapa bila kumwangalia. Nilipoanza sentensi ya kwanza akainua mkono.

"Hiyo hapana. Hiyo niliisema mara moja."

"Lakini naikumbuka, Mama."

"Najua unaikumbuka."

Akaingia ndani kutafuta maji ya kunywa. Aliporudi tulizungumzia kitovu na namna ya kukifunga.

Niliichapa kazi yote kwa siku mbili, nikihifadhi kila baada ya ukurasa. Mhadhiri alisoma akiwa amesimama kando ya meza yangu. Aliridhika. Akauliza kama hayo ndiyo yote aliyosema mama siku ile ya kwanza.

Nikamwambia mengine yalipotea kwenye mashine.