Kofia ya Pua ya Ndege

Zita, muuza mitumba wa Mazwi, ni mdadisi tangu utotoni. Mpe sufuria, atalipindua kwanza aone tako lake. Basi siku alipofungua belo la mitumba ya watoto akakuta kijidege cha kivita, cha chuma, kizito kuliko umbo lake, hakukiweka mezani. Alikigeuza. Tumboni kiliandikwa: MiG-21. Moyo ukamlipuka paa!

Maana baba yake, mzee Adolfu, miaka yote husema alikuwa fundi wa ndege hizo jeshini. Nani amwamini? Vyeti viliungua pamoja na nyumba. Mtaa mzima wa Milanzi unamwita Rubani, na wakishamwita wanacheka. Zita naye hucheka kidogo, kisha roho inamsuta. Sasa, jamani, alitaka kujua: baba yake ni mkweli au mwongo?

Alimkuta uani anaota jua, macho yamezibwa na mtoto wa jicho. Akachutama, akapiga makofi taratibu kwa heshima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Hakumwambia ameshika nini. Akamwekea ile ndege mikononi. Vidole vya mzee vikatembea polepole, mpaka Zita akaona atakufa kwa hamu.

"Ishirini na moja hii," mzee akasema. "Bawa la pembe tatu. Koni hii hapa mdomoni. Parachuti ya breki hukaa hapa, mkia unapoanzia." Kidole kikarudi puani, kikagusa kisiki. "Aa! Wamevunja mkuki wake! Huu ndio unaopima mwendo. Kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kuuvua kofia yake nyekundu. Ukisahau, rubani anaruka hajui anakimbia kiasi gani. Sikusahau hata siku moja. Na kurusha sikuwahi kurusha. Hilo la Rubani ni lenu."

Zita alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aibu ilimjaa, na furaha juu yake.

"Mbona hukuniambia unanipa nini?" mzee akauliza kwa upole. "Ulikuwa unanipima?"

Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza. "Ndiyo, baba. Sikukuamini. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Miaka arobaini nangoja mtu anipime. Wote walicheka tu, wakapita."

Akanyoosha kiganja.

"Haya, nipe kitambaa chekundu, nikivike kisiki hiki kofia yake."

Zita akachana pindo jekundu la kitenge chake mwenyewe.